Leseni Mpya Mkononi: Nani Apande na Nani Asubiri

Dereva aliyepata leseni leo anaweza kuwa na gari la viti vitano na bado asiruhusiwe kumbeba hata rafiki mmoja. Katika nchi na majimbo mengi leseni hutolewa kwa hatua: unajifunza ukiwa na msimamizi, kisha unaendesha peke yako kwa masharti, mwisho unapata leseni kamili. Sharti la abiria hukaa hapo katikati. Ndilo rahisi kuvunjwa kuliko yote, kwa sababu dereva anaweza kukusudia kulitii na bado wenzake wakambembeleza mpaka akakubali.

Lina sababu nzito. Mwaka 2012 AAA Foundation for Traffic Safety, taasisi ya usalama barabarani ya Marekani, ilichambua vifo vya madereva wa miaka 16 na 17. Dereva akiwa na abiria mmoja wa chini ya miaka 21, bila mtu mzima garini, hatari yake ya kufa kwa kila maili ilipanda kwa asilimia 44. Kwa abiria wawili wa umri huo ilifika mara mbili, na kwa watatu au zaidi mara nne. Alipokuwepo mtu wa miaka 35 au zaidi, hatari ilishuka kwa asilimia 62. Ndiyo maana sheria nyingi zinauliza umri wa abiria kabla ya kuhesabu vichwa.

Anza kwa kusoma sheria ya mahali ilipotolewa leseni yako, na uisome ukitafuta majibu manne: nani anahesabiwa, saa ngapi, mpaka lini, na nani amesamehewa. Usichukue jibu kwa rafiki wa jimbo la jirani. Nchini Australia, dereva wa P1 (hatua ya kwanza ya kuendesha peke yako) huko Victoria anaruhusiwa abiria mmoja tu wa umri wa miaka 16 hadi chini ya 22, mchana na usiku. Ukivuka kuingia New South Wales, sharti linamhusu dereva wa P1 aliye chini ya miaka 25, na ni la saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri: abiria mmoja wa chini ya miaka 21. Ontario, Kanada, dereva wa G2 (leseni ya hatua ya kati) mwenye miaka 19 au chini hubanwa kuanzia saa 6 usiku hadi saa 11 alfajiri; miezi 6 ya kwanza anabeba mmoja wa miaka 19 au chini, baadaye watatu. Na usidhani mambo haya ni ya vijana peke yao. New Zealand, yenye mfumo huu tangu 1987, humbana hata mtu mzima mwenye leseni ya hatua ya kati: abiria walio wengi hawaruhusiwi mpaka akae kando yake msimamizi mwenye leseni kamili ya angalau miaka 2.

Wengi huteleza kwenye suala la ndugu. New York, mwenye leseni ya vijana habebi zaidi ya mmoja wa chini ya miaka 21, lakini ndugu wa familia ya karibu hawahesabiwi. California ni kali zaidi. Dereva wa chini ya miaka 18, katika miezi 12 ya kwanza, habebi yeyote wa chini ya miaka 20 bila kusindikizwa na mzazi au mlezi, dereva mwenye leseni aliyetimiza miaka 25, au mkufunzi wa udereva. Mdogo wako wa miaka 14 ni abiria aliyekatazwa kama mwanafunzi mwenzako. Kumpeleka shule kunaruhusiwa tu pale ambapo hakuna usafiri mwingine unaofaa, nawe uwe na barua ya mzazi iliyosainiwa, inayotaja sababu na tarehe ambayo haja hiyo itakwisha. Barua ya "namruhusu mwanangu" isiyo na sababu wala tarehe haikidhi. Iweke garini pamoja na hati nyingine, na ikipita tarehe iandikwe upya.

Kuhusu muda, tazama tarehe ya kutolewa iliyo kwenye leseni yenyewe, hesabu miezi, kisha andika siku ya mwisho kwenye simu yako na ya mzazi. Kosa la barabarani linaweza kuisogeza mbele: jimbo la Illinois, Marekani, huongeza miezi 6 ya sharti la abiria kwa dereva aliyetiwa hatiani ndani ya mwaka wake wa kwanza. Soma pia mkataba wa bima unasema nini juu ya kukiuka masharti ya leseni, na usome kabla ya ajali.

Msimamizi lazima afanye kazi ya kusimamia. Akae kiti cha mbele, awe macho, asiwe amekunywa, na aone barabara anayoiona dereva. Mjomba anayesinzia nyuma hamsaidii mtu.

Waambie marafiki mapema, wakati wa kupanga safari. Ukingoja mpaka wamesimama mlangoni na mabegi, utabeba. Sema kwa ufupi: "Leseni yangu hairuhusu mpaka Machi, tafuteni usafiri mwingine." Mzazi akikubali kutajwa kuwa ndiye aliyekataza, kijana hupata pa kujificha bila kuaibika. Lakini msitatue tatizo kwa kugawana magari mawili ya madereva wapya yanayofuatana. Wa nyuma atamkazia macho wa mbele, atapita taa nyekundu ili asiachwe, na mashindano huanza bila mtu kuyatangaza. Kila mmoja awe na anwani, aende kivyake.

Pale unaporuhusiwa mmoja, mpe kazi. Yeye ashike simu, asome ramani, apokee ujumbe. Mkanda ufungwe kabla ya injini kuwashwa, muziki uchaguliwe gari likiwa limesimama, na mazungumzo yakatike kwenye makutano, unapobadilisha njia na unapoingia barabara kuu, kwa kuwa hapo ndipo macho yanahitajika pande tatu kwa wakati mmoja. Ukiwa na mtoto nyuma akalia au akaangusha kitu, usigeuke. Tafuta mahali salama, egesha, ndipo umhudumie.

Siku sharti linapokwisha, usijaze gari jioni ile ile. Wiki chache za mwanzo beba mmoja, mchana, kwenye njia unayoijua, kisha wawili, usiku na safari ndefu viwe vya mwisho. Ukigundua umepitiliza kona au umechelewa kuona breki za gari la mbele kwa sababu ya maongezi, rudi kwa abiria mmoja kwa muda.