Soma ukiuliza: kinachokua ni nini?

Vitabu vinavyobishana kama uchumi unaweza kuendelea kukua bila kuimaliza dunia ndivyo ninavyovipenda kuliko vingine vyote, na ndivyo vinavyochosha wasomaji upesi. Takwimu ni nyingi, kila mwandishi ana uhakika, na ukisoma viwili mfululizo unaweza kukubaliana na vyote ilhali vinapingana. Nisomavyo mimi ni hivi: natafuta kipimo kwanza, hoja baadaye.

Mwandishi akitaja ukuaji, pigia mstari, kisha utafute alichokipima. Mara nyingi ni pato la taifa. Simon Kuznets, mchumi aliyeongoza kazi ya kukokotoa pato la taifa la Marekani, aliliandikia Bunge la nchi hiyo mwaka 1934 akionya kwamba ustawi wa watu hauwezi kusomwa moja kwa moja kutoka kwenye hesabu hiyo. Msitu ukikatwa na mbao zikauzwa, pato linapanda. Msitu uliotoweka haupunguzwi popote kwenye hesabu hiyo. Mwandishi anayelijua hilo na bado akatumia pato la taifa anaweza kuwa na sababu nzuri. Asiyeligusa kabisa, msome kwa tahadhari.

Kisha njoo kwenye neno "kupungua", na hapo usiwe na haraka. Ukiambiwa uchumi fulani siku hizi unachafua kidogo, uliza: kidogo kwa kila dola inayozalishwa, au kidogo kwa jumla? Fanya hesabu pembezoni mwa ukurasa. Uchafuzi kwa kila dola ukishuka asilimia 2 kwa mwaka huku uchumi ukikua asilimia 3, jumla ya uchafuzi bado inapanda kwa karibu asilimia 1 kila mwaka. Na kinachoipasha dunia joto ni tani zilizorundikana angani, si uwiano huo mzuri wa kwenye grafu.

Ubishi huu ni wa zamani. Mwaka 1865 mchumi Mwingereza William Stanley Jevons aliandika kuhusu makaa ya mawe ya Uingereza kwamba injini za mvuke zilipoboreshwa zikahitaji makaa machache kwa kazi ileile, matumizi ya makaa hayakupungua bali yaliongezeka, kwa kuwa nguvu ya mvuke ilikuwa nafuu na ikaingizwa kwenye kazi nyingi zaidi. Kila nifikapo kwenye sura inayosifu ufanisi wa teknolojia huandika herufi J pembeni, nikangoja nione kama mwandishi atajibu. Wapo wanaojibu vizuri. Watakuonyesha kwamba Uingereza na nchi nyingine kadhaa tajiri zimekuza uchumi tangu 1990 huku jumla ya hewa ukaa inayotoka ndani ya mipaka yao ikishuka. Ni kweli, na anayekana jambo hilo hakutendei haki msomaji. Lakini maneno "ndani ya mipaka" nayo yapigie mstari. Kiwanda cha chuma kikihamia ng'ambo, moshi wake unahesabiwa huko, hata kama chuma kinarudi kuuzwa palepale kilipotoka. Tafuta hesabu ya pili, inayojumlisha bidhaa zilizoagizwa kutoka nje. Kwa Uingereza nayo imeshuka, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Ukifika hapo swali la kama uchumi unaweza kukua huku uchafuzi ukishuka limeshajibiwa kwa sehemu. Linalobaki ni la kasi, na ndilo ninalotaka mwandishi alitolee jasho.

Angalia pia mwaka wa kuanzia. Mwaka 1980 mchumi Julian Simon na mwanabiolojia Paul Ehrlich waliwekeana dau kuhusu bei za metali tano, shaba na bati zikiwemo, kwa miaka 10. Ehrlich alitarajia zipande kwa sababu ya uhaba. Zote zilishuka ukiondoa mfumuko wa bei, naye akalipa dola 576.07. Kisa hiki hutajwa kama ushahidi kwamba rasilimali haziishi. Mimi ninakisoma kama dau kuhusu bei za metali katika miaka 10 mahususi. Bei ya shaba haikuelezi chochote kuhusu hali ya samaki baharini.

Sehemu nyingine ya kusoma polepole, na wengi huiruka, ni pale mwandishi anapoipa bei hasara ya kesho. Chukua hasara ya dola 100 itakayotokea miaka 100 ijayo. Ukiipunguza kwa asilimia 1.4 kila mwaka, kiwango kilicho karibu na kile cha ripoti ya 2006 ya mchumi Nicholas Stern kuhusu gharama za mabadiliko ya tabianchi, leo ina uzito wa dola 25 hivi. Ukitumia asilimia 4, inabaki dola 2. Mchumi Mmarekani William Nordhaus alimpinga Stern hasa kwa kiwango hicho. Tafuta namba hiyo hata ikiwa imefichwa kwenye kiambatisho, kwa sababu ndani yake mna uamuzi kuhusu wajukuu wetu, uliovaa sura ya hesabu tupu.

Usimhukumu mwandishi kwa maneno ya wapinzani wake. *The Limits to Growth*, kitabu cha 1972 kuhusu mipaka ya ukuaji, husemwa ilitabiri kwamba mafuta yangekwisha kabla ya mwaka 2000. Ukiifungua utakuta michoro ya njia mbalimbali inayofika hadi 2100, na onyo kuhusu mienendo isipobadilika. Unaweza kuyakataa madhanio yake, lakini yakatae yaliyoandikwa.

Ndiyo maana nasoma vitabu hivi kwa jozi, anayetetea ukuaji pamoja na anayeupinga, sura kwa sura. Huanza na sura ya mwisho ya kila kimoja, kwa kuwa mapendekezo hufichua mwandishi anamtaka nani abebe gharama: mwenye gari, mchimbaji, mkulima, au nchi ambayo haijawahi kuwa na umeme wa kutosha. Baada ya hapo narudi mwanzo nikijua la kutafuta. Nikimaliza, naandika kwenye karatasi ya nyuma tukio moja ambalo likitokea mwandishi atakuwa amekosea, na ukurasa aliposema hivyo. Asipokuwa na ukurasa wa namna hiyo, naliandika hilo pia.