Kutembelea Trevélez, kijiji cha mlimani Uhispania, bila kukosa sherehe wala kulishwa nguruwe

Tangu nimpeleke shemeji yangu wa Mombasa kule Trevélez, kila ndugu anayepata viza huniomba nimpangie safari hiyohiyo. Basi naandika mara moja, msome wenyewe. Viza, bima na tiketi ya ndege mnazijua. Naanzia mjini Granada, kusini mwa Uhispania.

Hatua ya 1: Chagua siku kwanza, hoteli baadaye

Trevélez iko eneo la Alpujarra, mteremko wa kusini wa milima ya Sierra Nevada, mita 1,476 juu ya usawa wa bahari. Ukienda siku isiyo na jambo utakuta kuta nyeupe, paka, na maduka ya mazulia yaliyofumwa kwa vitambaa chakavu. Pazuri, lakini baada ya saa mbili utaanza kupiga miayo. Kwa hiyo tazama kalenda.

Tarehe 13 Juni, sikukuu ya San Antonio, huchezwa Wamoro na Wakristo, yaani vita vya kuigiza kati ya Waislamu wa zamani wa Uhispania na Wakristo, kwa farasi na baruti. Kisa chenyewe si cha kubuni. Granada, iliyokuwa ya Waislamu, ilisalimu amri kwa Wakristo 1492, Waislamu wakaja kulazimishwa ubatizo, na kufikia 1567 Mfalme Felipe II alikuwa amewapiga marufuku Kiarabu, mavazi yao na hata hamamu. Mwaka 1568 watu wa milima hii wakaasi, wakiongozwa na Aben Humeya. Kufikia 1571 uasi ulikuwa umezimwa na watu wake kutawanywa Castilla. Katika mchezo Wamoro huanza kwa kushinda na kumaliza kwa kushindwa, kila mwaka. Mwislamu ataangalia kwa moyo mzito kidogo, lakini aangalie. Anayetaka mchezo wenyewe hasa aende Válor, alikozaliwa Aben Humeya, tarehe 15 Septemba. Beba pamba ya masikio.

Usiku wa kuamkia 5 Agosti ni hija ya Bikira Maria wa Theluji; nitaieleza chini.

Na kuna Bérchules, kijiji cha upande wa mashariki, wanaokaribisha mwaka mpya mwezi wa nane. Mkesha wa mwaka mpya wa 1994 umeme ulikatika, sherehe ikaharibika, wakaamua kuirudia kiangazi. Hawajaacha hadi leo: Jumamosi ya kwanza ya Agosti watu wanakula zabibu kumi na mbili za mwaka mpya, desturi ya Uhispania, moja kwa kila mlio wa saa, wakiwa na mashati ya mikono mifupi.

Hatua ya 2: Basi

Panda kituo kikuu cha Granada. Safari huchukua kama saa tatu, na nusu ya pili ni kona tupu, kwa hiyo kaa mbele na usishibe. Gari la kukodi silipendi: barabara ni nyembamba, na siku ya sherehe hutapata pa kuliegesha. Ratiba huandikwa kwa saa 24. 17:00 ni saa kumi na moja jioni yetu. Mabasi ni machache, hivyo tiketi ya kurudi inunue kabla hujaondoka Granada.

Hatua ya 3: Malazi

Kijiji kina mitaa mitatu: wa chini, wa kati na wa juu. Basi linakushusha wa chini. Ukiwa na sanduku la magurudumu, lala wa chini.

Hatua ya 4: Chakula

Hapa ndipo saa zetu nyingi zilipotelea, kwa hiyo nivumilieni.

Trevélez inaishi kwa jamón, paja la nguruwe lililotiwa chumvi na kukaushwa kwa upepo baridi wa mlima. Ukiingia mkahawani, dari nzima imening'inizwa mapaja, kila moja limechomekewa chini kikombe kidogo cha plastiki cha kukinga mafuta yanayodondoka. Usikae chini yake ukiwa na kanzu nyeupe.

Kusema hutaki nyama hakusaidii. Wahudumu wengi hawaihesabu jamón kuwa nyama. Kwao ni kiungo, kama sisi na kitunguu. Shemeji aliagiza maharagwe ya kijani "bila nyama", yakaja na vipande vidogo vya rangi ya waridi, vimekatwa vidogo kama punje za mahindi. Tukayarudisha, jikoni wakavichambua vile vipande na kutuletea sahani ileile. Sema "no como cerdo", sili nguruwe, halafu ongeza "ni jamón, ni manteca", wala jamón wala manteca. Hiyo manteca ni mafuta ya nguruwe, nayo hujificha kwenye biskuti laini za mantecados. Ukiona keki nzuri dirishani, uliza kwanza.

Samaki pia si salama. Trout ndiye fahari ya mto wa hapa, na humpika pamoja na jamón. Sema "sin jamón", bila jamón, wakati wa kuagiza, na uombe akaangwe kwa mafuta ya zeituni kwenye kikaango safi. Supu ziache kabisa, maana mchuzi umechemshwa na mfupa. Migas, mkate uliopondwa na kukaangwa, huja na soseji. Mbuzi yupo, ila si halali, na mara nyingi ametiwa divai.

Kinachobaki? Papas a lo pobre, viazi vilivyopikwa taratibu kwa mafuta ya zeituni, pilipili hoho na vitunguu. Hivi ningekula kila siku. Viagize peke yake, kwa sababu kwenye sahani kubwa ya Alpujarra huzungukwa na kila aina ya nguruwe. Kuna mayai, jibini ya mbuzi, lozi na tini. Nyama ya halali nunua Granada, sehemu ya chini ya Albaicín, mtaa wa kale wa mji huo, kisha ukodi chumba chenye jiko. Basi likipita mji wa Órgiva siku ya Alhamisi, kuna soko.

Na usiende kula saa moja jioni. Jikoni hufunguliwa saa nane mchana, hufungwa kama saa kumi, na chakula cha usiku ni saa tatu kwenda mbele.

Hatua ya 5: Hija ya mlimani

Mahujaji wa Bikira wa Theluji huondoka Trevélez saa sita usiku kwa miguu na farasi, na misa husomwa adhuhuri juu ya mlima Mulhacén, mita 3,479. Aliyepanda Kilimanjaro asidharau: kule unapewa siku kadhaa, huku unapanda mita 2,000 kwa mkupuo mmoja. Beba tochi ya kichwani na koti zito. Mimi ningetumia basi dogo la hifadhi ya taifa linalotoka Capileira, kijiji kingine cha Alpujarra, wakati wa kiangazi. Hukufikisha karibu mita 2,700. Wekeni nafasi mapema.

Hatua ya 6: Fuata maji

Asubuhi tembea kando ya mifereji iliyoachwa na Waislamu. Mingine kazi yake si kumwagilia: hubeba maji ya theluji huko juu na kuyaacha yazame ardhini, yaje yatokeze chini kama chemchemi miezi ya ukame. Inua macho pia: paa ni bapa, za boriti, mawe na udongo wa kijivu usiopitisha maji. Mtu wa Lamu hatashangaa.

Hatua ya 7: Tafuta trovo

Hiki ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote. Washairi wawili wanajibizana papo kwa papo, fidla na gitaa zikiwafuata, kwa beti za mishororo mitano yenye mizani nane nane. Anayejua takhmisa na malumbano atawaelewa hata bila Kihispania. Fursa bora ni tamasha la muziki wa jadi la Alpujarra, lililoanza 1982, ambalo kila Agosti huhamia kijiji kingine. Uliza mwaka huo ni wapi. Na usipige makofi katikati ya ubeti. Subiri mshororo wa tano, ndimo linamofungwa jibu.