Maji Yanaporudi Bombani: Namna ya Kuyalinda Maji ya Kunywa katika Nyumba za Lamu

Katika nyumba nyingi za mji wa kale wa Lamu, maji hupatikana kwa njia zaidi ya moja. Kuna maji ya bomba, ambayo asili yake ni visima vya Shela chini ya milima ya mchanga. Kuna kisima cha uani, ambacho mara nyingi maji yake yana chumvi na hakiko mbali na shimo la choo. Na kuna maji ya mvua yanayokingwa kutoka mapaani. Kila aina ina kazi yake, na hakuna ubaya kuwa nazo zote katika nyumba moja. Ubaya huanza pale zinapokutana ndani ya bomba moja, kwa sababu hapo maji ya kuoshea sakafu yanaweza kufika kwenye gilasi ya mtoto bila mtu yeyote kutambua.

Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba maji ya bomba huja upande mmoja tu, kutoka mtaani kuingia nyumbani. Bomba lenyewe halina upande. Maji hufuata msukumo ulio mkubwa zaidi. Mji wa Lamu umejengwa kwenye mteremko unaopanda kutoka ufuoni, kwa hiyo maji yanapokatwa, yale yaliyobaki ndani ya mabomba ya juu huteremka pindi jirani wa chini anapofungua mfereji wake, na nyuma yake huacha ombwe linalofyonza chochote kilichogusana na mdomo wa bomba lililo wazi. Jambo hilo hilo hutokea mtu anapofunga pampu ivute maji moja kwa moja kutoka bomba la mtaa, na kwa sababu hiyo pampu ya namna hiyo haifai kabisa: yeye hupata ndoo chache za ziada, na majirani zake hurudishiwa uchafu. Njia ya pili ya maji kurudi nyuma ni msukumo kinyume, yaani pampu ya kisima au tangi lililo juu ya dari linapokuwa na nguvu kuliko bomba la mtaa na kuyasukuma maji yake kulirudia bomba hilo.

Jambo hili si la kudhania tu. Mwaka 1933, wakati wa maonyesho ya dunia mjini Chicago, wageni wa hoteli waliambukizwa ugonjwa wa kuhara damu unaoletwa na amiba, na watu 98 walifariki. Chanzo kilikuwa mabomba ya maji ya kunywa yaliyoingiliana na ya maji machafu. Mahali ambapo maji hutoka kwa zamu, bomba huwa tupu mara nyingi, na bomba tupu ndilo linalofyonza.

Anza na birika. Birika la msalani, yaani hodhi la kuwekea maji, lenye vile visamaki vinavyokula viluwiluwi vya mbu, ni mpango mzuri wa wazee wetu, lakini uliwekwa wakati maji yalipokuwa yakitekwa kisimani na kumiminwa kwa ndoo. Leo watu hujaza birika kwa mpira uliofungwa mferejini, mdomo wake ukizama ndani ya maji, kisha maji yakikatika mpira huachwa pale pale hadi yatakaporudi. Hali hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote nyumbani, kwa kuwa mpira uliozama ni njia iliyo wazi kutoka birikani hadi kwenye mfereji wa jikoni. Dawa yake haina gharama: weka mdomo wa bomba au mpira juu ya ukingo wa birika, uache pengo la hewa lisilopungua mara mbili ya upana wa bomba, na kwa vyovyote lisiwe chini ya milimita 25. Pengo hilo ni kinga madhubuti kuliko kifaa chochote kinachouzwa dukani, kwa sababu halina springi ya kuchakaa wala mpira wa kukatika. Sheria hiyo hiyo ihusishe ndoo, karai na pipa.

Tazama pia mpira wa kuchambia chooni, ambao siku hizi uko karibu kila nyumba. Uning'inize juu, mahali ambapo hata ukianguka mdomo wake hautafika ndani ya bakuli la choo, na ufunge koki yake ya ukutani kila unapomaliza kuutumia. Usitegemee kile kifyatulio cha mkononi.

Kwenye tangi la juu, maji ya bomba yaingie juu ya kiwango cha bomba la kufurikia. Mafundi wengine hurefusha bomba la kuingilia hadi chini ya tangi ili maji yasipige kelele usiku. Mwombe fundi wako alikate.

Kuhusu kisima, ninasihi jambo moja kwa mkazo: usiunganishe bomba la kisima na bomba la mtaa, hata kama katikati kuna koki. Koki hutegemea kumbukumbu ya binadamu, na siku moja mgeni au mtoto ataifungua. Maji ya kisima yawe na tangi lake na mabomba yake, na ikiwezekana yapakwe rangi tofauti ili fundi wa miaka ijayo asikosee.

Baada ya hayo ndipo vifaa vinapofuata. Kwa kila mfereji unaofungwa mpira, nunua kizuia ombwe kidogo kinachosokotwa kwenye mdomo wa mfereji. Ndani yake mna kidirisha kinachoingiza hewa mara mfyonzo unapoanza. Kudondosha maji kidogo baada ya kufunga mfereji ni kazi yake, si ubovu. Karibu na mita, fundi afunge valvu isiyorudisha maji, ya shaba nyeupe au nyekundu na si ya chuma, kwa maana hewa ya bahari hula chuma haraka. Mshale uliochorwa kwenye valvu uelekee nyumbani. Valvu ya kibati kinachobembea ilazwe, au isimamishwe maji yakipanda. Ya springi hukubali kila mkao. Kabla yake pawe na chujio, kwa kuwa chembe moja ya mchanga ikikaa kwenye kiti cha valvu huifanya isifunge.

Nyumba za wageni zenye bustani zinazomwagiliwa kwa maji yaliyochanganywa mbolea au dawa hazitoshelezwi na valvu hiyo. Zinahitaji kifaa cha valvu mbili chenye tundu la kumwaga maji katikati, kikipimwa na mtaalamu kila mwaka.

Valvu ya nyumbani unaweza kuijaribu mwenyewe, iwapo fundi aliweka mfereji mdogo kati ya koki ya mita na valvu. Funga koki ya mita, hakikisha mabomba ya ndani yamejaa maji, kisha fungua mfereji huo mdogo. Maji kidogo yakitoka na kukoma, valvu inafunga. Yakiendelea kutiririka, yanatoka nyumbani kwako kurudi nyuma, na valvu isafishwe au ibadilishwe. Fanya hivyo angalau mara moja kwa mwaka.

Iwapo maji ya bomba yatakuja ghafla na chumvi, rangi au harufu, usiyanywe wala usiyapikie. Wajulishe majirani na watoa huduma ya maji, tafuta mpira uliozama au kiungo cha kisima, kisha uondoe kosa hilo kwanza. Safisha tangi, ulijaze, na utie lita 1 ya klorini ya maji ya asilimia 5, isiyo na manukato, kwa kila lita 1,000. Fungua kila mfereji hadi harufu ya klorini itoke, funga, uache usiku kucha, kisha umwage yote na kusuuza. Maji hayo usiyaelekeze birikani, kwani yataua samaki. Hadi kazi hiyo imalizike, maji ya kunywa yatoke kwingine, na yachemshwe hadi yatokote kwa dakika 1 kamili.