Namna ya Kuuandaa Moyo wa Kiongozi wa Mapambano Yasiyotumia Mabavu

Mtu anayekubali kuwaongoza wenzake katika kudai haki bila mabavu, awe mchungaji, sheikh, mwalimu au kiongozi wa chama cha wafanyakazi, hujifunza upesi namna ya kuitisha mkutano, kuandika madai na kuzungumza na waandishi wa habari. Jambo gumu zaidi huachwa lijitafutie njia lenyewe, nalo ni kujijenga upya moyoni, ili neno analowaambia watu jukwaani liwe ndilo neno linaloitawala nyumba yake usiku milango ikishafungwa. Pengo kati ya jukwaa na nyumba huwaangusha viongozi wengi, na kazi ya kuliziba ina hatua zinazoweza kuelezwa na kufuatwa. Nimezichukua hatua hizo katika maisha ya Martin Luther King, mchungaji mweusi aliyepigania haki za watu weusi, hasa mwaka aliouongoza mgomo wa watu weusi waliokataa kupanda mabasi yenye ubaguzi mjini Montgomery, jimbo la Alabama nchini Marekani, kwa kuwa kwake tunaona wazi jinsi mtu aliyewahi kuweka bunduki nyumbani alivyogeuka kuwa mtu anayeshusha mikono akipigwa.

Usingoje kukamilika

King hakuitafuta kazi ile. Rosa Parks alikamatwa tarehe 1 Desemba 1955 kwa kukataa kumpisha abiria mzungu kiti ndani ya basi, na siku nne baadaye, mgomo ulipoanza, chama kipya kilichoundwa kuuongoza kilimchagua King kuwa rais wake. Alikuwa na umri wa miaka 26, mchungaji wa Kanisa la Kibaptisti la Dexter Avenue, na binti yake wa kwanza alikuwa hajatimiza wiki tatu. Alikuwa amesoma habari za Gandhi, kiongozi wa India aliyedai uhuru bila mabavu, akiwa mwanafunzi wa theolojia na aliweza kuzieleza vizuri, lakini elimu hiyo ilikuwa haijajaribiwa. Kwa hiyo anayejiona hajatakasika vya kutosha hana sababu ya kukataa wito. Anachotakiwa ni kukubali tangu siku ya kwanza kwamba kazi hii itamdai abadilike, na asijifanye mbele ya watu kuwa tayari amekwisha kubadilika.

Itaje hofu yako kwa sauti

Mwishoni mwa Januari 1956 King alikuwa amechoka. Tarehe 26 polisi walimkamata kwa madai kwamba aliendesha gari maili 30 kwa saa mahali palipowekewa kikomo cha maili 25, wakamtia jela. Usiku uliofuata simu iliita akiwa kitandani, na aliyepiga akamtishia kwamba asipohama mjini atauawa na nyumba yake italipuliwa. Vitisho vya simu alikwisha kuvizoea, lakini hicho kilimwondolea usingizi. Aliamka, akaenda jikoni, akachemsha kahawa, akaketi mezani huku mkewe Coretta na mtoto wakiwa wamelala, akaanza kutafuta namna ya kujitoa katika uongozi bila kuonekana mwoga. Kikombe kilikuwa mbele yake hakijaguswa alipoinamisha kichwa na kuomba kwa sauti. Alimwambia Mungu kwamba anaamini analolitetea ni haki, lakini anaogopa. Kwamba watu wanamtazama yeye awatie nguvu, naye nguvu zimemwishia. Kwamba hawezi tena kulikabili jambo lile peke yake. Alisimulia baadaye kwamba hapo alisikia sauti ya ndani ikimwagiza asimame kwa ajili ya haki na kweli, na ikimwahidi kwamba hataachwa.

Kiongozi anayetaka kuipita njia hii achague saa ambayo hofu imempanda kweli, si asubuhi baada ya ibada akiwa bado ana joto la nyimbo. Aketi mahali pa faragha nyumbani kwake, aache sala alizozikariri, na ayataje kwa majina yote anayoogopa kuyapoteza: mtoto, kazi, heshima, uhai. Ataje pia ile njia ya kutorokea ambayo ameanza kuipanga kimyakimya, kwa maana King naye alianza na hiyo, na isipotajwa itabaki ikimvuta nyuma kila uamuzi mgumu unapofika. Mwislamu atapata nafasi hii katika tahajudi, Mkristo katika maombi ya usiku, na asiyefuata dini anaweza kuyaandika maneno yake kisha akajisomea kwa sauti. Asitegemee kwamba hofu itakoma. Inaweza kurudi kesho yake, ila sasa itamkuta mtu aliyekwisha kuitazama usoni na akaamua kubaki.

Toa silaha ndani ya nyumba

Jaribio lilikuja baada ya siku tatu tu. Usiku wa tarehe 30 Januari, King akiwa kwenye mkutano kanisani, bomu lilitupwa barazani kwake. Coretta, mtoto na mwanamke mmoja aliyekuwa amewatembelea walinusurika bila kuumia. Alipofika alikuta umati wa watu weusi wenye ghadhabu, wengine wakiwa na silaha, wamekabiliana na polisi, na ingetosha mtu mmoja kuteleza ili damu imwagike. Akasimama kwenye baraza ile ile iliyolipuliwa, akawaomba wenye silaha wazirudishe nyumbani, akawakumbusha amri ya Yesu, "Wapendeni adui zenu," akawaambia kwamba hata yeye akizuiwa, harakati haitazuilika. Umati ukatawanyika.

Wasimulizi wengi huishia hapo, nami naona wanaikata habari pale pale inapoanza kutufaa. Baada ya kuwatuliza wenzake namna ile, King mwenyewe aliomba kibali cha kubeba bunduki, akanyimwa. Nyumbani kwake palikuwa na walinzi wenye silaha. Mwezi Februari alipofika Bayard Rustin, mwanaharakati aliyekuwa na uzoefu wa miaka mingi katika mapambano ya amani, rafiki aliyefuatana naye nyumbani kwa King nusura aikalie bastola iliyoachwa kitini. Rustin hakunyamaza, na Glenn Smiley, mwanaharakati mwingine wa amani aliyekuja muda mfupi baadaye, alisukuma mazungumzo hayo hayo. King akajiuliza anawezaje kuongoza watu wasiotumia mabavu huku yeye akijilinda kwa silaha za mabavu. Alilijadili jambo hilo na Coretta kwa siku kadhaa, kisha wakaiondoa silaha waliyokuwa nayo. Badala yake waliweka taa kali kuizunguka nyumba na wakaajiri walinzi wasio na silaha, mchana na usiku. Alikuja kusema kwamba hofu ilimsumbua zaidi alipokuwa na bunduki ndani ya nyumba kuliko baada ya kuitoa.

Tazama mpangilio wa mambo hayo, kwa sababu unaonyesha jinsi badiliko la moyo linavyotokea. Maneno ya barazani yalitangulia, na moyo ukayafuata nyuma kwa majuma kadhaa, tena baada ya kuonywa na marafiki. King hakuwa mnafiki usiku ule; alikuwa amesema kweli kubwa kuliko uwezo wake wa wakati huo, akaacha kweli hiyo imdai yeye pia. Nawe ukae chini uorodheshe silaha zako. Pengine huna bastola wala panga chini ya kitanda, lakini una kundi la vijana unaojua wataweza kumshughulikia mpinzani wako ukiwakonyeza, au una siri ya mtu uliyoihifadhi kwa siku ya kumwaibisha, au una ulimi wenye kejeli ambao wafuasi wako wameanza kuuiga. Kila kimoja kati ya hivyo ni bastola iliyoachwa kitini. Uamuzi wa kuviacha usiufanye peke yako ikiwa una mke, mume au wazazi unaoishi nao, kwa sababu hatari utakayoikubali ni yao pia, na kiongozi anayewatoa sadaka watu wa nyumbani bila kuwauliza amekwisha kutumia nguvu juu yao. Mkishakubaliana, wekeni ulinzi usiomdhuru mtu: taa, majirani wanaopeana zamu, simu za kutoa taarifa, mahali pa kuwahamishia watoto. Kuacha silaha hakuna maana ya kuacha busara.

Ufundishe mwili kabla ya siku yenyewe

Moyo ukikubali, mwili bado hurusha ngumi wenyewe. Viongozi wa Montgomery walilijua hilo. Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua mwezi Novemba 1956 kwamba ubaguzi katika mabasi yale ni kinyume cha katiba, hawakuwaacha watu wapande mabasi hivi hivi. Walipanga viti makanisani kama ndani ya basi, dereva mbele na abiria nyuma yake, wengine wakaigiza wazungu wenye chuki, wengine wakaigiza weusi wanaotukanwa na kusukumwa, kisha wote wakajadili yaliyotokea. Maagizo yaliyoandikwa yalikuwa wazi: ukitukanwa usitukane, ukisukumwa usisukume, ukipigwa usirudishe. Mabasi yalipopandwa tena tarehe 21 Desemba, baada ya mgomo wa siku 381, watu walikuwa wamekwisha kuyapitia yale ambayo yangeweza kuwakuta. James Lawson, aliyekuwa ameishi India kama mmisionari, aliwafundisha wanafunzi wa Nashville kwa namna hiyo hiyo kabla hawajaenda kuketi kwenye mikahawa ya wazungu mwaka 1960.

Zoezi hili ni rahisi kuliandaa na ni gumu kulifanya. Chukua chumba chenye viti, wagawe watu wako makundi mawili, na uwe wa kwanza kukaa upande wa kutukanwa, kwa sababu kiongozi anayewatuma wengine kwanza hajifunzi chochote. Anayeigiza mpinzani atumie matusi yanayouma kweli, yanayogusa kabila, dini au ukoo, si matusi ya kuchekesha. Mtu mmoja akae pembeni awe anaangalia mikono yako na taya, kwa kuwa hasira huonekana hapo kabla haijafika mdomoni. Mkimaliza, muulizane ni neno lipi lilikupandisha damu na kwa nini, kisha mrudie pale pale. Badilishaneni nafasi pia, kwani anayeigiza mwenye chuki hugundua jinsi chuki inavyomtawala mtu upesi.

Matunda ya mazoezi ya namna hii yalionekana kwa King mwenyewe mwezi Septemba 1962 mjini Birmingham, pale kijana wa chama cha Kinazi alipopanda jukwaani akampiga ngumi usoni mara kadhaa mbele ya mkutano mzima. King alishusha mikono. Watu walipokimbilia kumkamata yule kijana, aliwataka wasimguse bali wamwombee, akazungumza naye kwa upole. Miaka minne kabla, mwanamke mgonjwa wa akili alipomchoma kifuani kwa kisu cha kufungulia barua katika duka moja la Harlem, ncha yake ikasimama karibu kabisa na mshipa mkuu wa damu, alisema kwamba hana kinyongo naye na akataka apatiwe matibabu. Hakuwa akidai kumpenda kila mtu kwa furaha. Alifundisha mara nyingi kwamba hulazimiki kupendezwa na anayekuonea, unalazimika kumtakia mema na kuukataa mfumo unaomtumia.

Jihoji kabla ya kuwaongoza watu barabarani

Katika barua aliyoiandika jela mjini Birmingham mwezi Aprili 1963, King alitaja hatua nne za kampeni yoyote: kukusanya ukweli, kufanya mazungumzo, kujitakasa, na ndipo kuchukua hatua ya wazi. Wengi huikimbia ile ya tatu. Yeye na wenzake walirudia maswali kama haya: je, unaweza kupigwa bila kulipiza, je, unaweza kustahimili jela? Waliojitolea walitia sahihi kadi yenye ahadi kumi, miongoni mwake kutafakari kila siku maisha ya Yesu, kukumbuka kwamba lengo ni haki na upatanisho wala si ushindi, kuwa na adabu kwa rafiki na kwa adui, na kujizuia na mabavu ya ngumi, ya ulimi na ya moyo. Andika kadi yako kwa lugha ya dini au ya mila zenu, iwe fupi, utie sahihi mbele ya shahidi, na umpe huyo shahidi ruhusa ya kukukemea kama Rustin alivyomkemea King.

Maswali hayo yana siku yake ya kujibiwa. Ijumaa Kuu ya mwaka huo fedha za kuwadhamini waandamanaji waliokamatwa zilikuwa zimekwisha, na wasaidizi wa King waliojaa katika chumba namba 30 cha hoteli ya Gaston Motel mjini Birmingham walikata tamaa. Wengine walimshauri akatafute fedha badala ya kuingia jela. King aliwaacha, akaingia peke yake katika chumba cha pili kuomba, akarudi amevaa nguo za kazi za dengirizi, na wote wakajua jibu lake. Sikiliza ushauri mpaka mwisho, kisha uondoke chumbani. Uamuzi wa kuteseka hauwezi kupigiwa kura na watu wengine.

Ulinde ukimya na mwili wako

Baada ya safari yake ya India mwaka 1959 King alikusudia kutenga siku moja kwa juma kwa ajili ya kufunga na kutafakari, na shughuli zikamshinda. Kwa hiyo anza na muda unaoweza kuutunza, nusu saa kabla simu haijawashwa, na umkabidhi mtu mwingine ratiba yako ili asikupangie kikao saa hiyo. Uwe mwangalifu zaidi ushindi unapopatikana. Mwezi Januari 1957, baada ya mabasi kufunguliwa, makanisa na nyumba za wenzake zilipigwa mabomu, na King alijilaumu kwa yote. Akiomba mbele ya mkutano alisema kwamba ikiwa lazima mtu afe, basi afe yeye, akashindwa kuendelea hadi wachungaji wenzake wakamshika na kumkalisha. Mzigo wa namna hiyo haubebwi kwa maombi peke yake. Ile kadi ya Birmingham iliagiza pia afya njema ya roho na ya mwili, na habari za kushinda Tuzo ya Nobel, mwezi Oktoba 1964, zilimkuta King kitandani hospitalini mjini Atlanta, alikokwenda kwa sababu ya uchovu. Weka siku za kulala, daktari wa kukupima, na naibu anayeweza kuhutubia badala yako juma zima bila kukupigia simu, na uyapange hayo mwanzoni mwa kampeni, tarehe zikiwa zimeandikwa katika ratiba ile ile yenye mikutano na maandamano.