Gauni la kubana: jua litabana kwa njia gani kabla hujampelekea fundi

Msimu wa korosho ukiingia, hela ikishaanza kuonekana Newala, Tandahimba mpaka huku Mtwara mjini, mafundi cherehani hawalali maana kila mtu ana sendofu au harusi na kila dada anataka gauni la kubana. Alafu siku ya shughuli ndo vilio, mara zipu imekufa, mara gauni limekaa shepu kabisa ila mwenye nalo hawezi kukaa kwenye kiti. Fundi anatukanwa bure, makosa mengi yanaanzia dukani kwenye kununua kitambaa.

Gauni linashika mwili kwa njia tatu, na kila njia ina zama zake.

Ya kwanza ni kukata na kushona kufuata mwili. Ulaya walianza karne ya 14, nguo ikabanwa kwa vifungo na kamba, baadae zikaja koseti za kukaza kiuno. Kitambaa chenyewe hakivutiki hata kidogo, kinachobana ni mshono. Na kitenge chako kiko humu humu! Kwahiyo kiloweke na kukifua kwanza, pamba inarudi. Mwambie fundi akupime hipsi ukiwa umesimama alafu akupime tena umekaa, utashangaa namba inavyopanda, na ashone kwa hiyo ya kukaa, aongeze sentimita 2 au 3 za kupumulia. Weka zipu ndefu ipite kiuno ishuke mpaka kwenye hipsi, na mpasuo nyuma kama gauni linapita magoti, bila mpasuo utatembea kama umefungwa kamba. Kwa ndani aache kitambaa cha ziada pembeni, ukinenepa linaachiwa. Ukitaka libane zaidi ya hapo ujue yaliyomkuta Marilyn Monroe, mwigizaji wa Marekani, mwaka 1962 pale New York, gauni lilibana mpaka ikabidi ashonewe likiwa mwilini. Ndo ukae na mkojo sasa.

Njia ya pili ni kukata mshazari, yani kitambaa kinalazwa pembe, digrii 45. Aliyeipa umaarufu ni Madeleine Vionnet, fundi wa Paris miaka ya 1920, na miaka ya 1930 waigizaji wa Hollywood wakaivaa sana kwenye satini. Jaribu mwenyewe, chukua leso uivute kwa pande zake haiendi, ivute kona kwa kona inaachia. Hiyo ndo siri yote, gauni linateleza juu ya mwili bila kukaba. Mimi kwa joto letu la pwani naipenda hii kuliko zote. Ila inakula kitambaa, nunua zaidi, na likishaunganishwa litundikwe siku nzima kabla ya kupinda chini maana litashuka upande upande. Fundi akikwambia hamna haja ya kutundika, tafuta mwingine.

Ya tatu ni kitambaa kinachovutika. Mwaka 1958 Joseph Shivers, mkemia wa kampuni ya DuPont Marekani, alipata uzi unaovutika na kurudi, walikuwa wanatafuta mbadala wa mpira kwenye nguo za ndani za kubana tumbo. Miaka ya 1980 Azzedine Alaïa, mbunifu wa mavazi mzaliwa wa Tunis aliyehamia Paris, akafanya gauni la kunata mwilini liwe ndo fasheni yenyewe. Hapa nyumbani nguo za hivyo zilishakataliwa zamani, mwishoni mwa 1968 vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana, sketi fupi na nguo za kubana zikapigwa vita kule Dar, kwahiyo shangazi akikukunjia sura ukweni usishangae, tupia khanga juu yaishe.

Kitambaa hiki cha kuvutika ukiwa dukani kivute kwa mikono miwili alafu kiachie, kisiporudi kilivyokuwa kiache, magotini na matakoni kitatuna baada ya kukaa mara moja. Kinyooshe juani pia uone kama kinaonyesha. Fundi atumie zigizaga au ovaloki, mshono wa kawaida ulionyooka utakatika ukiinama tu. Ukifua usianike kwenye jua kali la saa saba na pasi iwe ya uvuguvugu, ule uzi ukiungua haurudi tena.