BIG TCP kwenye Linux: kuvusha paketi ng'ambo ya baiti 65,536

Kadi ni ya Gbit/s 100, lakini muunganisho mmoja wa TCP unagota kabla ya kuifikia kasi hiyo huku kiini kimoja (core) cha prosesa kikiwa kimefika asilimia 100. Usikimbilie MTU, yaani ukubwa wa juu wa paketi kwenye waya. Tazama kwanza paketi ina ukubwa gani ikiwa bado ndani ya kerneli, moyo wa mfumo wa Linux.

Linux haipitishi vipande vya baiti 1,500 kimoja kimoja kwenye ngazi zote za TCP na IP. Huunda paketi moja nene, na kadi huikatakata mwishoni kwa TSO, uwezo wake wa kukata paketi za TCP. Upande wa kupokea, GRO, sehemu ya kerneli, huunganisha vipande upya. Unene huo ulikomea 65,536 kwa miaka mingi kwa sababu urefu kwenye heda ya IP (maelezo yanayotangulia data) huandikwa kwa biti 16. Kwa Gbit/s 100, hizo ni paketi kama 190,000 kila sekunde, na kila moja inamlipisha prosesa. Paketi za baiti 185,000 zingekuwa kama 68,000 tu.

Eric Dumazet na Coco Li wa Google ndio walioleta BIG TCP, njia ya kuvuka kikomo hicho, ikaingia Linux 5.19 mwaka 2022 kwa IPv6. Kerneli hubandika heda ya ziada ya kiwango cha RFC 2675, ambayo huandika urefu kwa biti 32, na draiva (programu inayoendesha kadi) huibandua kabla data haijatoka. IPv4 ilifuata katika 6.3, mwaka 2023. Waya na swichi hazioni tofauti yoyote, na MTU inabaki ilivyo.

Hatua ya 1: kagua

`uname -r`
`ethtool -k eth0 | grep -E 'segmentation|receive-offload'`
`ip -d link show eth0`

`eth0` ni jina la kadi; weka la kwako. Tafuta `tso_max_size`. Ikisoma 65536, draiva yako haijawa tayari na safari inaishia hapo. Isipoonekana kabisa, sasisha iproute2, furushi lenye amri ya `ip`.

Hatua ya 2: pandisha

`ip link set dev eth0 gso_max_size 185000 gro_max_size 185000`

Amri hiyo ni ya IPv6. IPv4 ina yake:

`ip link set dev eth0 gso_ipv4_max_size 185000 gro_ipv4_max_size 185000`

GSO (ukataji wa paketi unaocheleweshwa hadi mwisho) ni ya anayetuma, GRO ya anayepokea, kwa hiyo fanya kwenye seva zote mbili. Kama kuna kontena, veth, yaani kadi pepe inayoiunganisha na seva, nayo ibadilishwe ncha zote mbili.

Kadi nyingine huruhusu hadi 524280. Mimi sianzi huko. Kutoka 65,536 hadi 185,000 unaokoa paketi kama 122,000 kwa sekunde. Kutoka hapo hadi kileleni unaongeza 44,000 tu, na data inatoka kwa mafungu makubwa zaidi yanayojaza foleni.

Hatua ya 3: fungua muunganisho mpya

Soketi huchukua kikomo inapounganishwa, hivyo miunganisho iliyokuwa wazi isikupotoshe. Washa `iperf3 -s`, programu ya kupima kasi, upande mmoja, na mwingine (badala ya `fd00::2` weka anwani ya seva ya kwanza):

`iperf3 -6 -c fd00::2`

Hatua ya 4: thibitisha

Hapa ndipo wengi hutegwa. Ukichuja kwa `tcp port 5201`, mlango wa iperf3, tcpdump (programu ya kutazama paketi) inatarajia TCP mara tu baada ya heda ya IPv6. Paketi kubwa ina ile heda ya ziada katikati, kwa hiyo inachujwa nje. Utaona ndogo tu na kudhani hakuna kilichobadilika. Chuja hivi:

`tcpdump -ni eth0 -c 20 'ip6[6] = 0'`

Unatafuta urefu unaozidi 65,536. Vipaketi vidogo vya multikasti vikijipenyeza, vipuuze.

Zisipotokea, huenda muunganisho ni wa polepole: TCP hupima paketi kwa data ya takriban milisekunde moja ya kasi ya wakati huo, na haingoji ijae. Sababu nyingine, hasa zikikomea juu kidogo tu ya 65,536, ni programu inayotuma kurasa za kumbukumbu za baiti 4,096 bila kuzinakili. Paketi ya kawaida hubeba vipande 17, yaani baiti 69,632. Kerneli mpya hukuruhusu kufika 45 kupitia `CONFIG_MAX_SKB_FRAGS`, ila lazima uikompaili upya.

Mipangilio hii hufutika seva ikiwashwa upya, hivyo iweke kwenye skripti inayoamsha kadi. Na kama trafiki yako hupita VXLAN (handaki linalofunga paketi ndani ya paketi nyingine), ijaribu peke yake kabla ya kugusa seva za kazi. Kurudi nyuma ni kuandika 65536 kwenye amri zilezile.