Kutoa EP na kijitabu kikali mkiwa lebo ya watu wawili

Lebo yetu ni mimi, beshte yangu, laptopu moja na stepla. Tuko Nairobi, tunatoa panki na noizi na vitu vingine redio haitawahi kucheza, na kila EP (rekodi fupi ya nyimbo chache) inatoka na kijitabu cha mashairi na makala za kuudhi watu. Wengi wameniuliza tunafanyaje, wacha niandike mara moja.

Hatua ya 1, mkubaliane. Kabla hata ya kurekodi. Karatasi moja inatosha: nani aliandika, nani alipiga, pesa inagawanywa vipi. Sisi gharama zikisharudi tunagawana nusu kwa nusu na masta, yaani rekodi asili yenyewe, inabaki ya msanii. Usiniambie ati nyinyi ni marafiki, marafiki ndio hukosana vibaya zaidi.

Hatua ya 2, muziki. WAV ya biti 24 (faili la sauti lisilobanwa), si MP3, na usipandishe sauti mpaka ipasuke, labda kama kupasuka ndio wimbo wenyewe. Basi.

Hatua ya 3, maandishi, na hapa msikimbie. Mahakama Kuu ilifuta kosa la jinai la kashfa 2017, lakini uliyemtaja bado anaweza kukupeleka kortini umlipe, kwa hivyo mpe mtu wa nje asome kila sentensi iko na jina la mtu akuulize, haya ni maoni yako ama unadai ilitokea? Kama unadai ilitokea, ushahidi uko wapi? Tusi halina ushahidi tunakata, na mara nyingi shairi linabaki kali kuliko mwanzo.

Hatua ya 4, kurasa. Lazima zigawanyike kwa 4, maana A4 moja ikikunjwa katikati ni kurasa 4 za A5, kwa hivyo kijitabu cha kurasa 16 ni karatasi 4. Ukurasa wa 16 unakaa kando ya 1, nyuma yao ni 2 na 15, na ukijumlisha mbili za upande mmoja lazima upate 17, ukipata kitu kingine umekosea mahali. Kunja karatasi tupu kwanza uandike namba kwa kalamu. Na tafuta stepla ya mkono mrefu, ile ya ofisi haifiki katikati.

Hatua ya 5, kuprinti. Shuka River Road, lakini muonyeshe mwenye duka maandishi KABLA hujalipa dipoziti. Kuna duka lilichukua hela yetu Jumatatu, Alhamisi bosi akasoma ukurasa wa 9 akasema hiyo haitoki kwa mashini yake, na dipoziti tuliifuata wiki mbili. Si sisi wa kwanza: 1978 wafanyakazi wa kiwanda cha santuri huko Ireland walikataa kazi ya Crass, bendi ya panki ya Uingereza, sababu ya wimbo mmoja, bendi ikaacha kimya mahali pake na kukipa jina, sauti ya uhuru wa kusema. Sisi hatukuwa na ujanja huo, tulitafuta duka lingine. Anza na kopi 50.

Hatua ya 6, kuuza. Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, inakata 15% kwa daunlodi na 10% kwa vitu vya kushika, juu yake kuna ada ya malipo, halafu pesa inaingia PayPal unaitoa kwa M-Pesa. Huko huko unatoa namba za kudaunlodi, unagundisha moja nyuma ya kila kijitabu, na kila namba inafanya kazi mara moja tu. Mara ya kwanza niliprinti namba moja kwa vyote 50. Mnunuzi wa kwanza akaitumia, wengine wakaanza kunipigia simu mmoja mmoja.